Irio Si Viazi vya Kupondwa

Kwa miezi minane, kila Jumamosi mchana, nilisimama kando ya mwanamke mmoja mbele ya wageni wa hoteli nikayageuza maneno yake. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mume wa mtu, baba wa watoto wawili, kwa hiyo sitajitetea kwamba nilikuwa mdogo sijui kitu. Nilijua. Yeye ndiye hakujua, na siku alipojua alishikwa na hasira ambayo sijaiona tena kwa binadamu.

Jina lake lilikuwa Watiri. Jikoni tulimwita Mama Kahiga, kwa jina la mwanawe, na tulidhani huyo Kahiga ndiye mtoto wake wa kwanza. Alitoka Gakindu, kule Mukurweini kwenye kahawa, akaja Nyeri mjini mwaka 1964 baada ya mumewe kurudi kutoka kizuizini na mgongo ulioharibika, hawezi tena kushika jembe. Hoteli ikamwajiri kuosha vyombo.

Hoteli yenyewe sitaitaja. Ilikuwa juu kidogo ya mji, na bustani ya nyasi iliyokatwa vizuri, na siku isiyo na mawingu Mlima ulionekana wote kutoka kwenye meza za nje. Kabla ya Uhuru Mwafrika aliingia pale kwa mlango wa nyuma. Baada ya Uhuru, sisi wafanyakazi tuliendelea kuingia kwa mlango wa nyuma.

Watiri aliosha vyombo miaka mitatu. Kisha siku moja mpishi aliugua, na wageni fulani wakasema wamechoka na kuku wa kuchemsha, wanataka kuonja kinacholiwa na watu wa huku. Watiri akafuta mikono, akachemsha viazi na mahindi mabichi na minji, yaani njegere, na majani ya malenge, akaponda vyote pamoja kwa mwiko mzito mpaka vikashikana, kijani kibichi chenye madoa meupe ya mahindi. Sahani zilirudi jikoni zimelambwa. Tangu siku hiyo akawa mpishi.

Meneja wetu aliitwa Moffat Gicheru. Alikuwa mwenyeji wa Giakanja, safari ya muda mfupi tu kutoka mjini, lakini alikuwa amesomea kazi ya hoteli Uingereza na alirudi akitembea kama mtu anayeogopa kukanyaga matope. Yeye ndiye aliyekiweka chakula cha Watiri kwenye menyu. Akakiandika: Irio.

Mimi nilikuwa mhudumu wa mezani. Mara ya kwanza niliposukuma mlango wa jikoni nikaita, "Irio ya watu wanne!" Watiri aliinua kichwa kutoka kwenye jiko.

"Irio gani?"

"Hiyo uliyopika, Mama."

"Hii si irio. Hii ni mukimo."

"Menyu inasema irio."

Akaweka mwiko chini. Mimi ni mtoto wa Majengo, mtaa wa Waswahili pale pale Nyeri. Babu yangu alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa huku, akazikwa huku. Gikuyu nakijua tangu utotoni, lakini Watiri alipenda kusema nami Kiswahili, Kiswahili chake cha Mukurweini, na jina langu, Salim, halikuwahi kutoka mdomoni mwake bila kubadilika.

"Wewe Sarimu, huko kwenu kitu ya kula mnaita nini?"

"Chakula."

"Na chakula ni nini? Ni pilau?"

"Pilau ni chakula, lakini chakula si pilau peke yake. Ni chochote cha kula."

"Basi umejijibu. Kuria ni kula. Irio ni zile za kula. Mahindi ikiwa bado shambani, hiyo ni irio. Njahi, ile maharagwe nyeusi, ikiwa kwa ghala ni irio. Nduma, ngwaci, hiyo viazi tamu, ndizi, hata uji. Hii mimi nimekima, ndiyo maana inaitwa mukimo. Gukima ni kuponda. Sasa huyu Moffat anaita hii moja irio, kama ati hakuna ingine duniani."

Alimwambia Moffat mwenyewe, mbele yetu. Moffat alicheka kwa pua. "Mama, wageni hawajali. Irio ni neno fupi, ni tamu mdomoni. Haidhuru."

"Inadhuru," Watiri akasema. Moffat alikuwa ameshageuka.

Mwanzoni mwa 1971 Moffat alipata wazo jipya. Watalii walikuwa wengi, wanakuja kwa mabasi madogo kutoka Nairobi wakielekea mbugani, na alitaka kuwapa kitu cha kukumbuka. Kila Jumamosi Watiri angetoka bustanini na sufuria yake kubwa, apondee chakula pale mbele ya wageni, aseme maneno machache juu yake kwa Gikuyu, kisha mtu amtafsirie kwa Kiingereza. Mtu huyo awe mimi.

Watiri alikubali upesi, na sababu aliniambia tukisafisha minji. "Sasa nitawaambia mwenyewe. Waende kwao wakijua."

Jioni ile Moffat akaniita ofisini akanipa kadi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. "Hutamtafsiria," akaniambia. "Mama anaweza kusema maneno mengi, wageni watachoka. Wewe sema hili tu, kila mara."

Niliisoma mara nyingi mno, siwezi kuisahau hata nikitaka. Ilisema hivi: Hiki mnachokiona kinaitwa irio. Katika lugha ya watu hawa neno irio ni chakula, na neno irio ni viazi vya kupondwa, kwa sababu tangu dunia iumbwe hawakuwa na chakula kingine. Hawakuhitaji neno la pili. Mama huyu amekula kitu hiki kimoja asubuhi, mchana na jioni maisha yake yote, na kama mnavyoona, bado anatabasamu.

Baada ya neno "anatabasamu" nilitakiwa kunyamaza kidogo, wageni wacheke.

"Lakini Bwana Moffat, si kweli," nikasema.

"Nani alisema ni shule?" Akafungua kabati akatoa koti jeupe lenye vifungo vya shaba, koti la mkuu wa wahudumu. Lilikuwa halina mwenyewe tangu Mzungu wa mwisho aondoke. Akanipimisha. Lilinikaa kama limeshonwa kwa ajili yangu. Ninaandika haya ili ijulikane niliuza maneno ya mtu kwa kitu gani.

Jumamosi ya kwanza Watiri alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Aliponda, akajipangusa uso, akasema kwa Gikuyu, polepole kama anayefundisha: "Hiki kinaitwa mukimo. Irio ni neno kubwa. Ni vyote vinavyotoka shambani vikamlisha mtu. Tuna njahi, tuna nduma, tuna viazi vitamu, tuna mtama. Mwanamke akizaa, kuna irio zake. Mgeni akija, kuna irio zake. Karibuni mle."

Akanitazama. Nikasema maneno ya kadi. Wageni wakacheka na kupiga makofi, na kamera zikalia.

"Wamefurahi?" akaniuliza.

"Wamefurahi sana, Mama."

Akatabasamu. Wageni wakacheka tena, wakiamini niliyosema yamethibitika.

Ikawa hivyo Machi, ikawa hivyo Aprili, ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Kila wiki aliongeza kitu. Alieleza njahi hupandwa lini, na kwa nini ndizi za kupika si zile za kuivisha. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko walimu wengi walionifundisha. Na kila wiki mimi nikasema maneno yale yale, na kama alishangaa jinsi hotuba yake ndefu ilivyogeuka kuwa fupi kwa Kiingereza, hakusema. Labda aliamini Kiingereza ni lugha yenye haraka.

Jumamosi moja ya Oktoba, mgeni mmoja, mwanamume mnene mwenye kofia ya kitani, alikuwa amepakuliwa mapema. Alikula vijiko viwili, akasukuma sahani, akazima sigara yake katikati ya chakula. Watiri aliona. Nilimwona akiona. Aliacha kuponda, akashikilia mwiko kwa mikono miwili, na alipoanza kusema sauti yake haikuwa ya siku zote.

"Nilikuwa na mtoto kabla ya Kahiga," akasema. "Aliitwa Wangechi. Mwaka wa hamsini na tano, wakati wa vita vya msituni, askari wa Wazungu walitutoa kwenye mashamba yetu wakatufungia kijijini, ndani ya mtaro tuliouchimba wenyewe, na miti iliyochongwa imepandwa ndani yake. Tulifunguliwa saa moja kwa siku kwenda kutafuta irio. Saa moja! Ukichelewa unapigwa. Shamba langu lilikuwa mbali, nikifika saa imekwisha. Wangechi alivimba miguu, kisha uso. Nywele zikawa nyekundu. Nilimwendea homugadi, Mwafrika mwenzetu aliyewalindia Wazungu kijiji, nikamwambia hakuna irio. Sikusema hakuna viazi, wala sikusema hakuna mukimo. Nilisema hakuna irio, na hilo ndilo neno la mwisho analoweza kusema mama. Akanijibu niwaombe ndugu zangu wa msituni. Wangechi alikufa ana miaka mitatu. Kwa hiyo ukiiacha, iache safi, mwingine ale."

Akanigeukia.

Ningeweza kusema. Lugha zote tatu zilikuwa mdomoni mwangu. Moffat alikuwa amesimama mlangoni mwa baraza amefunga mikono, na yeye alisikia kila neno kwa sababu ilikuwa lugha ya mama yake. Akatikisa kidole kidogo tu: endelea.

Nikasema kadi.

Walicheka. Mama mmoja aliyevaa miwani ya jua alicheka mpaka akamshika jirani yake mkono.

Watiri alitazama meza moja baada ya nyingine. Aliponifikia mimi akauliza kwa sauti ya chini, "Wanacheka nini?"

Hapo nikasema neno baya kuliko yote niliyosema maishani. "Wazungu wakihuzunika sana hucheka, Mama. Ndiyo mila yao."

Akafikiri. "Mila mbaya," akasema, akabeba mwiko wake akarudi jikoni.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu Rukaya. Alikuwa anakanda unga wa mahamri. Mikono yake ikasimama ndani ya beseni.

"Umemwambia hivyo mwanamke aliyefiwa?"

"Moffat alikuwa ananiangalia."

"Sikukuuliza Moffat. Nimekuuliza wewe." Akarudi kwenye unga wake, akaukanda kwa ngumi. Kuanzia hapo alinipa chakula bila kuniangalia usoni. Wiki nzima nilijiambia kesho nitamwendea Mama Kahiga. Jumamosi ikafika sijaenda.

Siku hiyo kulikuwa na meza ya walimu. Wageni watano wa shule fulani ya ng'ambo walikuwa wametembelea shule ya upande wa Tetu, na mwenyeji wao alikuwa mwalimu mmoja wa hapa, mwanamke wa makamo mwenye sweta ya buluu, jina lake Wakonyo. Mimi sikumtilia maanani. Ni mara chache watu wetu kuketi kwenye zile meza, na waliokuja walizoea kunyamaza.

Watiri aliponda. Akasema tena juu ya Wangechi, kwa sababu sasa alikuwa amelifungua jambo hilo na halikukubali kufungwa. Mimi nikavuta pumzi, nikaanza: Hiki mnachokiona kinaitwa irio. Nilipofika kwenye "hawakuhitaji neno la pili," kiti kilisukumwa nyuma kwa kishindo.

"Nyamaza!" Wakonyo alikuwa amesimama. Kwanza aliniambia mimi, kwa Kiingereza, kisha akamgeukia Watiri kwa Gikuyu, sauti imebadilika kabisa. "Maitu, mama yangu, nisamehe nakukatiza. Huyu mwanamume hasemi unachosema. Wewe unamlilia mtoto, na yeye anawachekesha watu."

Bustani nzima ikatulia. Wageni hawakuelewa neno, lakini waliona nyuso zetu.

Watiri hakumtazama Wakonyo. Alinitazama mimi. "Sarimu. Ni kweri?"

Nikaitazama sufuria.

"Nimekuuliza. Umesema nini juu ya Wangechi?"

"Sikusema kitu juu yake, Mama."

"Na wiki ile ingine?"

"Sikusema."

"Ulikuwa unasema nini?"

Nikamwambia, pale pale, kwa Kiswahili, kadi nzima. Nilipofika kwenye kutabasamu alifumba macho.

Wengi wetu tulifikiri angepindua sufuria. Moffat nadhani alifikiri hivyo, kwa kuwa aliruka kutoka barazani akija mbio. Lakini Watiri hakuwa mtu wa kumwaga chakula. Alichukua mfuniko akafunika. Alivua leso kiunoni, akazungushia masikio ya sufuria, akaiinua yote, moto vile vile, akaishika kifuani.

"Mama, weka hiyo chini," Moffat akasema. "Ni mali ya hoteli."

"Sufuria utapata. Hizi hamtakula."

"Usiniaibishe mbele ya wageni."

"Wewe!" Sauti yake ilipasuka hata ndege wakaruka kwenye ua. "Wewe ni wa Giakanja! Wewe ulizaliwa na mwanamke! Huyu Sarimu ni mtu wa mji, babu yake alikuja juzi, lakini wewe unajua irio ni nini. Unajua! Na uliandika ati hatukuwa na kitu!"

Akaondoka. Hakuenda upande wa jikoni. Alipita barazani, akakanyaga zulia jekundu la ukumbi na viatu vyake vya mpira, akatoka kwa mlango wa mbele ambao hakuwahi kuupita miaka saba, akashuka na barabara kuelekea mjini. Baadaye nilisikia aliwagawia wanawake wanaouza mboga kando ya soko, kwenye majani ya ndizi, mpaka sufuria ikabaki tupu. Kesho yake, Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, aliirudisha langoni imesuguliwa inang'aa, akamkabidhi askari wa lango.

Jumatatu polisi walimkamata kwa wizi.

Kesi ilisikizwa wiki mbili baadaye. Moffat alikuwa ameniambia nitakuwa shahidi wa serikali, na la kusema akanipa: kwamba Watiri alimtishia meneja kwa mwiko. Safari hii hakuniandikia kadi. Labda aliona nimezoea.

Mahakama ilijaa. Wanawake wa sokoni walikuja, na Wakonyo aliketi benchi la mbele na sweta yake ya buluu. Karani alisoma mashtaka: kwamba mshtakiwa aliiba sufuria moja, na ndani yake irio, mali ya hoteli. Mkalimani wa mahakama akamgeuzia kwa Gikuyu, na akamuuliza kama ni kweli.

"Sufuria nilibeba na nikarudisha," Watiri akasema. "Irio sikuiba. Mliandika vibaya. Ulikuwa mukimo."

Watu wakacheka, lakini kicheko hicho kilikuwa upande wake. Hakimu, mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, alimtazama muda mrefu, kisha akaagiza kesi iendelee.

Moffat alitoa ushahidi kwa Kiingereza safi. Alipomaliza, hakimu alimwambia Watiri anaweza kumuuliza shahidi maswali. Watiri alishika ukingo wa kizimba, akauliza kwa Kiswahili chake.

"Bwana Moffat, ulipokuwa mtoto, mama yako akitaka mje mle, alikuwa anaita vipi?"

Inspekta wa mashtaka akasimama. "Mheshimiwa, swali hili halihusiani na sufuria."

"Neno hilo mmeliandika wenyewe kwenye mashtaka," hakimu akasema. "Shahidi ajibu."

Moffat alirekebisha tai. "Alisema tuje tule irio."

"Na mkienda, kwa sufuria kulikuwa na nini?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka. Wewe ni kijana, mimi ndiye mzee."

"Githeri, mahindi na maharagwe," Moffat akasema.

"Kila siku?"

"Siku nyingine viazi vitamu. Nduma."

"Na njahi?"

"Dada yangu alipojifungua. Ndiyo."

"Kwa hivyo mama yako akisema irio, alikuwa anasema viazi ya kuponda?"

Moffat alimtazama inspekta. Hakimu akamwambia ajibu. "Hapana," akasema, na neno lilitoka dogo sana kwa mtu mwenye suti kama ile.

Kisha nikaitwa mimi. Niliapa kwa Kurani. Inspekta akaniuliza kama nilimwona mshtakiwa akimtishia meneja kwa mwiko. Nikasema hapana. Akaniuliza basi niliona nini. Nikafungua mdomo, na kadi yote ikatoka. Nikaisema kwa Kiingereza, nikaisema kwa Kiswahili, na kabla mkalimani hajainuka nikaisema kwa Gikuyu, ili asibaki mtu mle ndani wa kusema hakusikia. Nikasema na maneno ya Watiri, yote niliyoyakumbuka, mtaro na saa moja na miguu iliyovimba. Nyuma yangu mwanamke mmoja alianza kulia, akatolewa nje.

"Unaniambia," hakimu akauliza, "mama huyu alipokuwa akieleza kifo cha mtoto wake, wewe uliwaambia wageni maneno hayo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mara ngapi?"

"Mara ya kifo, mbili. Ya kadi, miezi minane."

Aliandika kwa muda. Hukumu yake ilikuwa fupi: sufuria ilirudishwa kwa hiari, kwa hiyo hapakuwa na wizi wa sufuria. Chakula kilikuwa cha hoteli, na mshtakiwa hakuwa na haki ya kukigawa. Anaachiliwa kwa onyo.

"Umeelewa?" mkalimani akamuuliza.

"Nimeelewa mimi nimeonywa." Watiri alinyoosha mkono, akamwonyesha Moffat. "Na yeye? Yeye anaonywa na nani?"

Hakimu alivua miwani. "Hilo haliko mbele yangu, Mama."

"Haliko mbele ya mtu yeyote," Watiri akasema, akashuka kizimbani.

Nilimfuata nje. Wanawake wa sokoni walikuwa wamemzunguka, wakanipisha shingo upande.

"Mama Kahiga, nimesema kweli."

"Umesema siku moja. Miezi nane ulikuwa wapi?" Akanisogelea, akashika kifungo cha shaba cha koti langu, kwa maana nilikuwa nimelivaa hata kortini, sijui nilifikiri nini. Hakukivuta. Alikishika tu, akakiangalia, akakiachilia. "Ulinidanganya juu ya wafu," akasema, akaenda zake.

Nilifutwa kazi siku iyo hiyo. Tulihamia Sagana, nikapata kazi kwa Sulemani, binamu ya Rukaya, aliyekuwa akiuza mbao na mabati karibu na njia panda. Moffat alipandishwa cheo akahamishiwa Nairobi. Hoteli ilimpata mwanamke mwingine wa kuponda Jumamosi, na bila shaka ilipata mtu mwingine wa kusimama kando yake.

Watiri alirudi Gakindu akafungua mkahawa wa mabati sokoni. Watu waliopita Sagana walinihadithia kuhusu huo mkahawa. Mteja akiketi akaagiza irio, hata awe chifu, alikutana na swali: irio gani? Kuna githeri, kuna mukimo, kuna ngwaci, sema unataka gani. Vijana walimwona mkali bure.

Mwaka 1979 nilikwenda. Miaka minane nilikuwa nikipanga safari ya muda wa asubuhi moja. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi, na alinitambua kabla sijavuka mlango.

"Keti," akasema. Akaniletea githeri na chai, bila kuniuliza ninataka nini. Nikala. Nilipomaliza nikamwomba msamaha, kwa Gikuyu, maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Sagana.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Nimechoka kukukasirikia," akasema, "lakini sijamaliza. Unajua kuandika Kiingereza?"

"Najua."

"Andikia watu wa ile hoteli. Waambie waondoe neno yetu kwa sahani yao, ama waandike maana yake sawa. Nitasema, wewe utaandika. Na Kahiga atasoma kabla haijaenda."

Kahiga, mwanamume mzima sasa, mwalimu wa shule ya msingi, alisoma kila mstari huku akinitazama juu ya karatasi. Barua ikaenda. Jibu lilichukua miezi mitatu, na Watiri akaniita nije nilisome mbele yake. Meneja mpya alishukuru kwa barua. Alisema neno irio limependwa na wageni kwa miaka mingi na sasa ndilo jina rasmi la chakula hicho. Ameambatanisha menyu mpya, na anatukaribisha tufike siku yoyote kwa bei ya wageni.

Nikafungua menyu. Irio: viazi vya kupondwa vya Wakikuyu.

"Rasmi," Watiri akasema. "Nani alikaa huo mkutano? Mimi nilikuwa wapi?" Akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka, na wateja wawili wakainuka kutazama. "Andika ingine."

Tuliandika nne kwa jumla. Hazikujibiwa.

Alifariki mwaka 1986, kwa ugonjwa wa moyo, mwezi wa mavuno. Mazishi yalikuwa nyumbani kwake, na watu walijaa mpaka kwenye mibuni. Mhubiri, ambaye nadhani hakumjua vizuri, alisimulia habari za mama mpole na mvumilivu aliyepokea kila jambo bila kunung'unika. Niliona watu wakitazamana. Kahiga alisimama kabla ya mahubiri kwisha.

"Mchungaji, samahani," akasema. "Mama yangu hakuwa mpole. Alikuwa na hasira maisha yake yote, na alikuwa na sababu. Tafadhali usimzike kama mtu mwingine."

Mhubiri alifunga Biblia yake, akasogea kando. Wanaume wakaanza kuchukua majembe ya kufukia kaburi. Kahiga alinitazama, akachukua jembe moja lililokuwa limeegemea ukuta, akanipa.